KUTA ZETU TUZIPAKE WENYEWE KWA SIFONGO



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu ili nitoe shauri langu juu ya jambo linalozungumzwa sana sasa na wanafunzi wa zamani, yaani kupakwa upya kwa ukumbi wa kulia na mabweni ya shule. Fedha zimekwisha anza kuchangwa, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini fedha njema zaweza kutumiwa vibaya, na hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wengi.

Shauri lililo mbele yetu ni kwamba aletwe mwenye kandarasi kutoka mjini, apige lipu upya kuta zote, kisha azipake rangi ya mafuta, juu krimu na chini kahawia iliyokoza, kama zilivyokuwa tangu hapo. Mimi nasema hivi: kuta zitengenezwe mahali palipobomoka tu, zipakwe rangi ya maji, zipambwe kwa sifongo, na kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wenyewe wakisimamiwa na fundi mmoja anayeijua. Tangu niondoke hapo shuleni nimeishi kwa kazi ya kupaka rangi, kwa hiyo sisemi maneno ya vitabuni tu. Nitaeleza sababu zangu moja moja, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

Kwanza yafaa nieleze kazi yenyewe, kwani wengi hawajapata kuiona. Ukuta hupakwa rangi moja, tuseme ya maziwa, ukaachwa ukauke. Kisha mtu huchukua kipande cha sifongo, akakichovya kidogo katika rangi ya pili, akaugonga ukuta taratibu kwa mkono mwepesi. Sifongo huacha alama ndogo ndogo zisizolingana, na rangi ya chini huonekana katikati yake. Ukisimama mbali huoni alama tena. Waona ukuta wenye uhai, kama uso wa jiwe au ganda la yai la kanga. Ni hayo tu. Hakuna uchawi ndani yake.

Wala si jambo geni duniani. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, ameandika habari za Protogenes, mchoraji Mgiriki aliyekuwa akichora mbwa, akashindwa kabisa kuchora povu la mdomoni mwake. Kila alipolichora lilionekana ni rangi tu, si povu. Mwisho alikasirika akaitupia picha sifongo aliyokuwa akifutia rangi, na pale ilipopiga pakatokea povu lile lile alilolitaka. Kama ni kweli au ni hadithi, maana yake ni sawa: sifongo hutoa sura ambayo mkono wenye burashi hauwezi kuitoa.

Karibu na siku zetu, kazi hii ilipendwa sana Uingereza na Marekani. Mwaka 1981 Jocasta Innes, mwanamke wa Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Paint Magic, na baada yake watu wa kawaida wakaanza kujipakia nyumba zao kwa sifongo, kwa vitambaa na kwa burashi kavu. Miaka ishirini baadaye wengi walikuwa wamekwisha choka, wakarudi kwenye kuta za rangi moja. Basi mwenzangu mmoja aliposikia shauri langu alisema, “Mbona watuletea fasheni iliyokwisha pita?” Namjibu hapa. Fasheni ya London si sheria kwetu, si ilipokuja wala ilipoondoka. Tunayo sababu yetu wenyewe ya kutaka sifongo, nayo ni kuta zetu.

Nani asiyezijua kuta za mabweni yetu? Zilipigwa lipu kwa mikono, mahali pengine nene, mahali pengine nyembamba. Zimezibwa nyufa mara nyingi, na kila kiraka kina sura yake. Ukuta wa namna hii ukiupaka rangi ya mafuta inayong’aa, umeufanyia ubaya mkubwa. Mwanga wa dirishani hupita ubavuni mwa ukuta, na mng’ao ule huonyesha kila kibonde na kila kiraka. Ndiyo sababu mwenye kandarasi asema lazima apige lipu upya kwanza. Kwa rangi yake asema kweli! Lakini rangi ya maji isiyong’aa, ikigongwa kwa sifongo, hulitawanya jicho. Jicho halioni tena kibonde, maana kila mahali pana kivuli kidogo na nuru kidogo. Kasoro ndogo hupotea katika wingi wa alama.

Nasema kasoro ndogo. Ukuta wenye unyevu, au lipu inayotoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa kidole, hiyo yapasa kubanduliwa na kupigwa upya. Sifongo haiponyi maradhi, huficha makovu tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wanafunzi wa zamani hupenda hesabu wanapoombwa fedha. Tuchukue bweni lenye urefu wa mita 12, upana mita 6 na kimo mita 3. Kuta zote nne ni mita 36 kwa kuzunguka, yaani mita za eneo 108. Toa milango na madirisha, tuseme mita 18; zabaki 90. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za eneo kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 18. Rangi ya sifongo haifuniki ukuta wote, tena huzimuliwa kwa maji kidogo, kwa hiyo lita 3 au 4 kwa kila rangi zatosha. Sitaki kumdanganya mtu: hizo lita za sifongo ni nyongeza juu ya rangi ya kwanza. Lakini ziweke katika mizani pamoja na saruji, mchanga na ujira wa kupiga lipu kuta zote, uone ni upande gani utakaozama. Fedha itakayobaki yaweza kununua vitabu vya maktaba au taa bora za kusomea usiku.

Sababu ya pili ni kwamba kazi hii hufundishika upesi. Kupaka kwa burashi bila kuacha michirizi huchukua muda mrefu kujifunza. Kupiga sifongo kijana mwangalifu hujifunza asubuhi, na alasiri yuafanya vizuri. Nitataja mambo yanayopasa kushikwa, ili kila mmoja aone kwamba hayamshindi.

Ukuta uoshwe kwa sabuni na maji, uachwe ukauke. Nyufa zizibwe. Lipu mpya iachwe majuma manne kabla ya kuguswa kwa rangi, kwani saruji mbichi ina maji na chokaa inayochoma rangi. Rangi ya kwanza ipakwe mikono miwili, na ilale usiku mmoja kabla ya sifongo.

Sifongo ya baharini ndiyo bora, maana matundu yake hayalingani. Lakini ni ghali, na haipatikani kila mahali. Kipande cha godoro kuukuu la sponji chatosha, ila kisikatwe kwa kisu. Kinyofolewe kwa vidole pande zote, kiwe kama donge, wala kisiwe na pembe hata moja. Kwani pembe iliyonyooka huacha alama iliyonyooka, na jicho huiona mara moja. Kilowanishwe kwa maji, kikamuliwe sana, ndipo kichovywe katika rangi iliyotiwa kwenye sahani pana. Kisipelekwe ukutani papo hapo! Kigongwe kwanza juu ya gazeti kuukuu mpaka alama ziwe nyepesi. Aliye na haraka hapa ataacha mabaka mazito kama matope, na kuyaondoa ni kazi.

Mkono ugeuzwe kila unapogonga, mara kushoto, mara kulia, ili sura moja isijirudie kama muhuri wa posta. Alama zisigusane zote. Rangi ya chini iachiwe pumzi. Pembeni mwa chumba na karibu na fremu za madirisha kitumike kipande kidogo. Kila baada ya mita chache mpigaji arudi nyuma hatua tano atazame. Sifongo ikishiba rangi ioshwe. Ikiwa kuna rangi ya tatu, ingoje ya pili ikauke. Tena ukuta mmoja ufanywe na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwani mikono ya watu wawili haifanani, kama vile maandishi yao yasivyofanana.

Iko na njia nyingine, ya kupaka rangi laini juu ya ukuta kisha kuiondoa kwa sifongo ingali mbichi. Njia hiyo ni nzuri, lakini hutaka watu wawili wanaofuatana mbio, mmoja apaka na mwenzake aondoa. Katika joto letu la mchana rangi hukauka kabla ya wa pili kufika. Siishauri kwa wanaoanza.

Nimefika kwenye uchaguzi wa rangi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Aliyepewa ruhusa ya kuchagua rangi mbili huchagua mbili anazozipenda, tuseme nyekundu na kijani, akazigonga pamoja. Loo! Chumba huwa kama kitambaa kilichomwagikiwa mchuzi. Kanuni ni rahisi: kwa sifongo chagua rangi za ukoo mmoja. Maziwa na kahawia iliyopauka. Kijani hafifu na kijani kilichokoza kidogo. Kijivu na samawati iliyopauka. Tofauti kati yao iwe ndogo kuliko unavyodhani, maana ukutani tofauti huonekana kubwa kuliko ndani ya kopo.

Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mtaalamu wa kemia aliyewekwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi ya kweli. Alipochunguza aliona dawa ya rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika rangi zilizowekwa kando ya hizo nyeusi. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, kuonyesha kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja hubadili sura ya mwenzake. Mpiga sifongo hutia maelfu ya alama jirani jirani, kwa hiyo yampasa kuyakumbuka maneno ya Chevreul kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana nasema, kabla ya kugusa ukuta, pigeni mfano juu ya ubao wenye upana wa mita moja, mkautazame asubuhi, adhuhuri na usiku kwa taa. Ukipendeza mara tatu, endeleeni.

Tena tujihadhari na vitabu vya Ulaya katika jambo moja. Vitabu hivyo husema chumba kinachotazama kaskazini ni baridi, kipakwe rangi za joto kama manjano; na kinachotazama kusini kina jua, kipakwe rangi za baridi. Kwao ni kweli, maana jua lao hupita upande wa kusini. Kwetu hapa penye mstari wa ikweta jua hupita juu ya vichwa vyetu, likielekea kaskazini kidogo miezi mingine na kusini kidogo miezi mingine. Kwetu pande zenye maana ni mashariki na magharibi. Ukumbi wa kulia hupokea jua la alasiri katika madirisha yake ya magharibi, na kila aliyekula pale anajua joto lake. Basi huo naushauria kijani hafifu na kijivu. Mabweni yaliyo chini ya miti ni ya giza. Hayo yapakwe rangi ya maziwa na kahawia ya udongo iliyopauka sana. Ukuta mweupe hurudisha chumbani wapata sehemu 80 katika 100 za mwanga unaoupiga, na kahawia iliyokoza hurudisha kama 10 tu. Twalalamika kwamba taa za mabweni ni hafifu, na huku nusu ya kuta tumezipaka rangi inayokula mwanga!

Mtu atasema, ile kahawia ya chini iliwekwa kwa ajili ya udongo wetu mwekundu, mabega na viatu. Naam, nakubali sababu, sikubali dawa. Rangi moja iliyokoza huonyesha kila alama ya vumbi mara ikikauka. Sehemu ya chini ikipigwa sifongo kwa rangi mbili au tatu za udongo, vumbi hupata mahali pa kujificha, na rangi nzuri ya maji huvumilia kuoshwa kwa kitambaa.

Wala tusidhani kwamba kupamba ukuta wa ndani tumefundishwa na wageni. Jirani zetu wa Rwanda, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Gisaka, wanayo kazi iitwayo imigongo. Husimuliwa kwamba ilianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyetaka kupendezesha nyumba yake. Hukandwa samadi ya ng’ombe pamoja na majivu, hufinyangwa ukutani matuta ya pembe nyingi, kisha hupakwa rangi. Rangi za asili ni chache, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe hutoka katika udongo mweupe, na nyekundu katika udongo mwekundu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kazi hiyo ilikaribia kupotea, lakini wanawake wa Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, waliungana wakaifufua, na leo watu hutoka mbali kuinunua. Katika hayo najifunza mambo mawili: kwamba rangi chache zilizochaguliwa vizuri hushinda nyingi, na kwamba pambo la nyumba lina heshima likitoka katika mikono ya wakaao humo.

Liko jambo moja ambalo lingeweza kuvunja shauri langu lote, nami sitalificha. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, hasa za manjano, nyekundu na kijani iliyong’aa. Risasi ni sumu, na kwa watoto hudhuru akili. Tangu mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva ulipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majumba, isipokuwa katika hali chache. Marekani haikuzikataza rangi za risasi majumbani mpaka mwaka 1978, na leo Umoja wa Mataifa washauri nchi zote ziweke sheria risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Hatujui mkopo ule wa kahawia ya chini ulikuwa na nini ndani yake. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote asiikwangue wala asiisugue kwa msasa mkavu, maana vumbi lake ndilo lenye hatari. Kipande kipimwe kwanza. Ikionekana ina risasi, sehemu ya chini ishughulikiwe na watu wazima wenye ujuzi na vifaa, vijana wafanye sehemu ya juu. Na makopo mapya yanunuliwe yale tu yaliyoandikwa kwamba hayana risasi. Hapo fedha isiangaliwe.

La mwisho ni lile ambalo wengine hulisema chini chini: kwamba wanafunzi wameletwa kusoma, si kuwa vibarua. Ndugu zangu, maneno hayo yananihuzunisha kuliko kuta chakavu. Wako wadogo zetu wanaojua kutaja rangi saba za Newton katika mtihani, na hawajui kuchanganya mbili ndani ya kopo. Elimu ya mwanga, kemia ya chokaa, hesabu ya eneo, yote yamo katika ukuta mmoja. Nani kasema mikono yenye rangi haiwezi kushika kalamu? Tena kijana aliyepaka ukuta kwa mkono wake hataukwaruza kwa msumari kuandika jina lake. Mwenye kandarasi akishaondoka ukuta hauna mwenyewe. Ukipakwa na vijana una wenyewe arobaini.

Basi naleta maombi matatu kwa kamati ya wanafunzi wa zamani. Moja, fedha zisitolewe kwa mwenye kandarasi kabla ya rangi ya zamani kupimwa. Pili, bweni moja dogo litengwe, lipakwe na wanafunzi wakati wa likizo, kwa hiari yao, pamoja na fundi. Mimi mwenyewe niko tayari kuja siku zote hizo bila ujira. Tatu, bweni hilo likaliwe muhula mmoja, kisha wakaao humo waulizwe, si sisi tulio mbali. Wakisema halifai, mwenye kandarasi aitwe, nami nitatoa mchango wangu kama wengine bila kinyongo. Wakisema lafaa, tuendelee na la pili.

Nawaomba wasomaji, hasa ninyi mlioko madarasani ambao kuta hizo ni zenu usiku na mchana, mjibu katika gazeti lijalo.



Mwanafunzi wa Zamani, Mpaka Rangi